Harry Dean Stanton, mzee wa kukalia kiti cha mwingine

Wandugu wa promosyo, wengi wenu mumeona The Green Mile (1999), ile tunaiitaka La Ligne verte. Munakumbuka Tom Hanks na Michael Clarke Duncan. Lakini iko mzee mmoja mwembamba, mfungwa Toot-Toot, mwenye walinzi wanamkalisha kwenye kiti cha umeme ili wafanye mazoezi ya kumuua mtu mwingine. Anatania, walinzi wanacheka, Tom Hanks anakasirika. Ni dakika chache tu. Kisha pale, wakati mhukumiwa wa kweli anakaa kwenye kile kiti, tunajua tayari kila mkanda unafungwa wapi, na hakuna tena mwenye kucheka. Njo kazi ya nafasi ya pili: kutayarisha udongo wenye mwingine atavuna.

Yule mzee ni Harry Dean Stanton, aliyezaliwa Kentucky, Marekani, mwaka 1926. Baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku na kinyozi. Katika Alien (1979) yeye ni Brett, fundi mwenye kulalamika pamoja na mwenzake kwamba fungu lao la pesa ni dogo kuliko la wengine. Mbele auawe, anavua kofia na kuacha maji yamdondokee usoni, bila kusema kitu. Kwangu, ni pale kile chombo cha angani kinakuwa mahali pa kazi, penye mtu anachoka. Katika The Straight Story (1999) ya David Lynch, mzee anasafiri juu ya mashine ya kukata majani aende kumuona ndugu yake mgonjwa. Ndugu huyo ni Stanton, na tunamuona paka mwishoni. Filme nzima inamtafuta yeye. Angecheza vibaya, safari yote ingekuwa bure.

Mkosoaji Roger Ebert aliandikaka kwamba filme yenye Stanton ao M. Emmet Walsh katika nafasi ndogo haiwezi kuwa mbaya kabisa. Mimi sikubali. Maharagwe mazuri hayaokoe shamba la mahindi lenye limekauka. Tena sifa kama ile inatusahaulisha kuuliza juu ya nini mtu aliachwa pembeni. Stanton hakuteuliwa ata mara moja kwa Oscar.

Hii inaniuma. Tangu lisansi ya agronomia, niko "msaidizi" kwenye projeti ya tatu: mimi napima udongo, mwingine anasaini ripoti. Watu wananiambia, vumilia, saa yako itafika. Wanaweza kunipa mfano wa Stanton: alikuwa na miaka 57 wakati Paris, Texas ya Wim Wenders, yenye yeye ndiye mchezaji mkuu, ilichukua Palme d'Or kule Cannes mwaka 1984.

Lakini ile saa haikufika yenyewe. Kwenye baa moja ya Santa Fe, Stanton alimwambia mwandishi Sam Shepard kwamba amechoka na nafasi anazopewa, anataka kucheza kitu chenye uzuri. Shepard akamkumbuka. Katika filme ile, muda mrefu wa mwanzo Travis hasemi ata neno, na huwezi kumtoa macho. Kunyamaza vile alijifunza kwenye nafasi ndogo. Lakini nafasi yenyewe aliipata juu alisema.

Alikufa Septemba 2017, na miaka 91, siku chache mbele Lucky, filme yake ya mwisho kama mchezaji mkuu, itoke kwenye sinema za Marekani. Muitafute. Mimi kesho asubuhi niko na mkutano na shefu wangu. Nitapeleka vipimo vyangu vya udongo, na nitasema.