Sifa kwa Walio Hai: Uhakiki wa Wimbo "Sweet Soul Music"

Sifa na tanzia ni tanzu mbili zikaribianazo. Sifa huimbwa mbele ya msifiwa naye akasikia. Tanzia huimbiwa asiyeweza tena kuitika. Wimbo "Sweet Soul Music", ulioimbwa na Arthur Conley mwaka 1967, ulizaliwa katika utanzu wa kwanza, na miaka imeuhamishia katika wa pili. Haufai kuhakikiwa pasipo kuyapima majina uliyoyataja pamoja na lile uliloliacha.

Conley alikuwa kijana wa miaka 21 kutoka Georgia, Marekani. Aliutunga wimbo huo pamoja na mlezi wake katika sanaa, Otis Redding, mwenyeji wa jimbo hilo hilo. Ulirekodiwa Muscle Shoals, Alabama, ukapanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya Billboard. Fani yake ni nyepesi. Hutangulia mlio wa tarumbeta unaotokana na muziki wa Elmer Bernstein katika filamu ya mwaka 1960, *The Magnificent Seven*, nao hufanya kazi iliyofanywa na siwa katika shughuli za wakuu wa Pate na Lamu: huwatangazia watu kwamba wajao ni watukufu. Kisha waimbaji wa soul hupita mmoja mmoja kama walio jukwaani: Lou Rawls, Sam na Dave, Wilson Pickett, Otis Redding, na mwishowe James Brown, anayevikwa ufalme. Hakuna kisa wala sitiari nzito. Jina, pamoja na dokezo la wimbo uliovuma, ndilo sifa yenyewe. Yaliyobaki hujazwa na kumbukumbu ya msikilizaji.

Mtunzi wa utenzi wa Kiswahili aghalabu hujitaja katika beti za mwisho na kuomba dua. Conley hakujitaja kamwe. Redding, mtunzi mwenziwe, yumo. Lau angeliimba mwenyewe, ubeti wake ungalikuwa majigambo, lakini kinywani mwa mwanafunzi wake umekuwa heshima.

Jina lililoachwa ni la Sam Cooke. Msingi wa wimbo huu, pamoja na lile swali linaloelekezwa kwa wasikilizaji tangu mwanzo, ulitoka katika "Yeah Man", wimbo wa Cooke uliotolewa mwaka 1965, baada ya yeye kuuawa kwa risasi huko Los Angeles mnamo Desemba 1964. Yawezekana kutetea kwamba wimbo uliwakusudia walio hai, na kwamba kumtaja marehemu kungaliigeuza karamu kuwa matanga. Utetezi huo una uzito, ila hautoshi. Redding alimfahamu vyema Cooke kisanaa. Mwaka 1965 alikuwa amerekodi "Shake" na "A Change Is Gonna Come", zote zikiwa tungo zake. Deni, basi, lilijulikana. Baada ya madai ya kisheria, Cooke aliongezwa miongoni mwa watunzi. Haki ikaandikwa kwenye lebo ya sahani. Katika beti haikuingia. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa, na wimbo unaowatukuza mabingwa wa fani moja ulipaswa kuikumbuka methali hiyo kuliko nyimbo nyingine.

Hata hivyo, karamu ile haikudumu. Redding alifariki katika ajali ya ndege karibu na Madison, Wisconsin, tarehe 10 Desemba 1967, miezi michache tu baada ya wimbo kuvuma. Dave Prater alifuata mwaka 1988, na Conley mwenyewe akafia Uholanzi mwaka 2003. Mwaka 2006 uliwachukua Rawls, Pickett na Brown, na Sam Moore akafariki mwaka 2025. Hakuna aliyetajwa ambaye angali hai.

Wimbo, lakini, haujajifunza kulia. Mdundo wake ni ule ule wa furaha, na Redding angali anaitwa jukwaani kana kwamba yu nyuma ya pazia. Waliokuwa vijana wakati ule huusikiliza kwa sababu hiyo: huwarejeshea siku ambayo sifa ilikuwa bado sifa. Nao wakisikiliza vyema watatambua kuwa swali linaloufungua wimbo, kabla ya jina lolote kutajwa, ni la Cooke.