Wembe Huharibikia Kwenye Kugeuza

Anayejifunza kutumia wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani wenye mpini unaofunika makali, akimtazama fundi akiupitisha kwenye mkanda wa ngozi huvutiwa na kasi. Huenda akaiiga kasi hiyo siku ileile, na wembe ukaanza kuvuta ndevu badala ya kuzikata. Kasi haina kazi yoyote pale. Cha kujifunza ni namna fundi anavyougeuza wembe kila ufikapo mwisho wa mkanda, tendo la nusu sekunde ambalo jicho huliruka.

Tuanze na umbo. Wembe huu una mgongo mnene na makali membamba mno. Ukiulaza kwenye ngozi, mgongo na makali vinagusa kwa pamoja, na pembe ya makali, ambayo kwa wembe wa kawaida huwa nyuzi 16 au 17 hivi, inajipima yenyewe. Mtumiaji hana haja ya kukisia. Mgongo ukiinuka hata kidogo, pembe inaongezeka na ngozi inaanza kuyafanya makali yawe butu.

Mwendo wenyewe ni mgongo mbele, makali nyuma, daima. Wembe ukikaribia mwisho wa mkanda, unasimama. Mgongo unabaki kwenye ngozi, makali yanainuka, yanapita juu ya mgongo na kulala upande wa pili. Ndipo safari ya kurudi inaanza, mgongo ukitangulia tena. Anayeanza huharakisha hapa. Huanza kurudi kabla makali hayajainuka, na kwa kitambo hicho kifupi makali ndiyo yanayotangulia: yanachimba ngozi, ngozi inapata kovu, makali yanapinda. Angalia vidole vya fundi. Kifundo cha mkono hakizunguki kabisa. Kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyobiringisha shina la wembe, kati ya makali na mpini. Nashauri kufanya zoezi hilo peke yake, taratibu sana, hadi vidole vizoee. Kasi itakuja bila kuitwa.

Jambo la pili ni mvuto wa mkanda. Ukilegea, ngozi inajikunja kidogo nyuma ya makali na kuyaviringa. Uvute unyooke, bila kuukaza kwa nguvu zote, na uzito wa wembe wenyewe pamoja na mguso mwepesi wa mkono utatosha. Ikiwa mkanda ni mwembamba kuliko urefu wa wembe, upitishe wembe kwa mshazari ili makali yote yapate zamu, kuanzia kisiginoni hadi nchani.

Mikanda mingi ina pande mbili. Kitani au turubai hutangulia, kwa kusafisha mabaki ya sabuni na unyevu, kisha ngozi. Wengi hupitisha mara 20 hadi 30 kwenye kitani na mara 50 hadi 60 kwenye ngozi kabla ya kunyoa.

Ngozi haiwezi kila kitu. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, nchini Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa jinsi unywele, ulio laini kuliko chuma takriban mara 50, unavyoweza kuharibu wembe. Mmoja wao, Gianluca Roscioli, alinyoa ndevu zake kwa nyembe za kutupa, kisha akayapiga picha makali kwa hadubini ya elektroni. Walikuta makali yakimeguka vipande vidogo pale unywele unapopinda na kuyakuta kwa mshazari, hasa mahali ambapo chuma hakiko sawasawa kwa ndani. Uchunguzi ulihusu nyembe za kutupa, lakini kwangu unaeleza vizuri mpaka wa kazi ya mkanda: makali yaliyoyumba na mikwaruzo midogo, ngozi itavirekebisha, kilichomeguka kinadai kinoo.

Kutunza mkanda ni kazi ndogo. Utundike, usiukunje, kwani mkunjo huacha tuta ambalo wembe utalipanda kila siku. Ufute vumbi, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu makali, na usipitishe wembe uliolowa. Kabla ya kutumia, sugua ngozi kwa kiganja kikavu. Joto na mafuta kidogo ya mkono huilainisha, na kwa mikanda mingi hilo latosha kwa muda mrefu. Ngozi ikikauka kweli, ipake tone la mafuta ya ngozi, ulisambaze, uache siku nzima. Mafuta yakizidi, ngozi inalegea na kunasa uchafu. Dawa ya kung'arishia ya rangi ya kijani, oksidi ya kromiamu, iwe na mkanda wake wa pekee, kwa sababu hula chuma, na ikishaingia kwenye ngozi ya kila siku haitoki.

Ukiikata ngozi pembeni, punguza ukingo ulioinuka kwa wembe mwingine, kisha ulainishe kwa msasa mwembamba hadi kidole kisihisi kitu. Mkato wa kina uliopo katikati, pale wembe unapopita kila mara, hauna dawa: nunua mkanda mwingine, na ule wa zamani ubaki wa kujifunzia kugeuza.