Hoskins angefika Mutuka, angeandika nini?

Ukimuuliza mtu Babati ilianza lini, mara nyingi atakutajia tarehe za ofisi: 1985 tulipopata wilaya kwa kumegwa kutoka Hanang, 2002 Mkoa wa Manyara ulipotolewa kwenye Arusha na Babati ikawa makao makuu. Tarehe hizo ni sahihi. Tatizo ni kwamba zinatuambia ofisi zilifunguliwa lini, hazituambii kwa nini kuna mji hapa, wala kwa nini nyumba zimeelekea upande huu na siyo ule.

Kuna kitabu cha zamani kinachoweza kutusaidia, na leo nataka tukichambue tukiwa tumekaa Mutuka, siyo London. Ni The Making of the English Landscape cha W. G. Hoskins, kilichotoka 1955. Hoskins ndiye aliyeanzisha idara ya historia ya maeneo kule Leicester mwaka 1948. Hoja yake ni nyepesi kuieleza: ardhi yenyewe ni nyaraka. Njia iliyopinda, ua wa miti, mpaka wa shamba, kila kimoja kina sababu yake, na sababu hiyo unaweza kuitafuta.

Sura inayohusu miji ndiyo tamu kuliko zote. Analinganisha miji mitatu. Nottingham ilijaa watu wa viwandani, lakini ilizungukwa na mashamba ya wazi. Wenyeji wenye haki za mji walikuwa na haki ya kulisha mifugo yao humo baada ya mavuno, kwa hiyo kujenga kukawa karibu hakuwezekani. Watu wakaongezeka, eneo likabaki lile lile, wakarundikana kwenye vichochoro vichafu mpaka sheria ya 1845 ilipofungua mashamba hayo. Leicester waligawa ya kwao mapema zaidi, mji ukatanuka. Stamford walichelewa hadi miaka ya 1870, na mpaka leo ni mji mdogo.

Sasa njoo Mutuka, mojawapo ya kata za Mji wa Babati. Sisi shamba kuwa ndani ya mji hatuelezwi, tunaliona. Mahindi na mbaazi vikishavunwa, ng'ombe wanaingia kula mabua. Anayelima ni mmoja, anayechunga anaweza kuwa mwingine, na anayesubiri kiwanja kipimwe ni wa tatu. Wote wana madai juu ya ardhi ile ile. Swali la Hoskins linatufaa hapa bila kubadilishwa hata neno: nani ana haki gani juu ya shamba hili, na haki hiyo inausukuma mji uelekee wapi?

Lakini usimeze kila kitu. Kwanza, miji mitatu ni michache mno kuthibitisha jambo. Reli kuu ya kwenda kaskazini ilipita Peterborough, ikaiacha Stamford pembeni. Je, mji ulidumaa kwa sababu ya mashamba au kwa sababu ya reli? Ukiwa na sababu mbili zinazotembea pamoja, huwezi kuchagua unayoipenda halafu ukaiita ushahidi.

Pili, Hoskins anaichukia karne ya 20. Kwake, karibu kila kilichoongezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 kimeiharibu Uingereza, barabara za magari zikiwemo. Kwa kipimo hicho Babati haina cha kusimulia, maana mji wetu umekua kando ya Barabara Kuu ya Kaskazini, pale njia ya Singida inapoachana na ya Dodoma na Arusha. Stendi, gereji, gesti na mama ntilie siyo uchafu uliomwagika juu ya historia yetu. Ni sehemu ya historia yenyewe, na inastahili kuandikwa kwa heshima ile ile aliyoipa mitaa ya kale ya Stamford.

Tatu, yeye alikuwa na makabati ya nyaraka, kuanzia kitabu cha kodi cha Domesday cha 1086. Wagorowa walikuwa hapa kabla ya barabara, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zao iko midomoni. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika na maji yakaingia mjini. Waliokuwa watu wazima siku zile wanaweza kukuonyesha kwa kidole maji yalifika wapi. Ukipima viwanja bila kuwauliza, unamuuzia mtu kiwanja kwa kubahatisha.

Hapo ndipo haraka inapokuja. Upimaji ukipita, ua wa minyaa unang'olewa, njia ya ng'ombe inanyooshwa, mpaka wa zamani unafukiwa chini ya msingi wa nyumba. Sipingi upimaji, watu wanahitaji hati. Ila kilichofutika hakirudi, na wazee hawatusubiri.

Kwa hiyo kisome kitabu, ukianza na sura ya miji, na zile lawama za mwisho zipite haraka. Kisha chukua daftari, mtafute bibi au babu wa mtaani kwako, mpe shikamoo, umuulize mambo matatu: njia hii ilikuwa ya nani, maji yalifika wapi, na mpaka wa zamani ulipita wapi. Andika jina la mahali na mwaka.