Mzigo Hupimwa Unapofunguliwa

Zima taa. Mwambie mwenye mzigo wa kukimbilia hatari akutolee tochi, kisha maji, kisha karatasi za watoto, bila kumuuliza mtu na bila kumwaga kitu sakafuni. Ukihesabu polepole hadi thelathini naye bado anapapasa, basi amekusanya vitu tu, kufunga bado hajafunga.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na nimekitumia katika nyumba nyingi za mtaa wetu wa Murara, mjini Goma, maana hapa kwetu mizigo ya namna hii haikosekani nyuma ya mlango au chini ya kitanda. Watu huitazama kwa nje: imekazwa vipi, imejaa kiasi gani, mfuko ni mpya au mkuukuu. Mimi husubiri ifunguliwe. Kufunga hufanyika mchana, kwa utulivu, mama akiwa na mikono miwili. Kufungua hufanyika gizani, mvua ikinyesha, mtoto mmoja mgongoni na mwingine analia. Ufundi wote wa kazi hii uko katika saa ile ya pili.

Tulifundishwa mara mbili ndani ya wiki moja. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ilipasuka, anga likawa jekundu, na watu wakatoka kabla mtu yeyote hajawaambia watoke. Lava ilisimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene. Kisha ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, na Alhamisi tarehe 27 serikali ya kijeshi ya jimbo ikaamuru mitaa kumi ya Goma ihame, Murara ikiwemo. Wengine walishika njia ya Sake, kilomita 25 hivi, wengine wakapanda mashua kuelekea Bukavu, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, Rwanda. Jumamosi tulikimbia na kilichokuwa karibu na mkono. Alhamisi tulikuwa na muda wa kuchagua, na hapo ndipo tofauti ya mafundi ilionekana. Mzigo wa Alhamisi ulikuwa mkubwa mara tatu, na wengi walijuta kabla ya kufika Mugunga, njiani kwenda Sake.

Anza na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo bido la njano la lita 20 ni kilo 20, na hakuna maneno yatakayolipunguza. Mzigo uliofungwa na mjuzi una mabido mawili ya lita 5, si moja la 20, ili yagawanywe kati ya watu wawili na kifuniko kimoja kikipotea nusu ya maji ibaki. Angalia kifuniko hicho. Fundi amekifunga kwa uzi kwenye mkono wa bido. Asiye fundi atatumia gunzi, na maji yatakuwa na vumbi kabla ya adhuhuri. Nusa ndani pia: bido lililowahi kuwa na petroli halisameheki hata likioshwa kwa majivu wiki nzima.

Kisha mikono. Mtu aliyebeba mzigo mzuri ana mikono mitupu. Huu ndio ubora wa kikwembe, ambao hakuna sakado ya dukani inayoufikia: kinabeba mtoto, kinafunga furushi, kikikunjwa kinakuwa ngata ya kichwani, usiku kinakuwa shuka, na kikilowa maji kinaziba pua moshi na majivu vikizidi. Pima kikwembe kwa kukivuta kwa nguvu kwenye pindo. Kilichochapwa rangi nzuri juu ya kitambaa chepesi kitapasuka kwenye fundo lenyewe, na kitapasuka pale pabaya zaidi. Nataka vipande viwili kwa kila mtu mzima. Nikikuta kimoja tu, mzigo huo kwangu una upungufu, hata kama ndani mna redio.

Kuhusu turubai nitakawia, kwa sababu hapa Goma ardhi yenyewe inamhukumu fundi. Tunaishi juu ya lava. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Mugunga na Kibumba, choo hakikuchimbika kwenye mwamba ule, na kipindupindu kikaua watu kwa makumi ya maelfu. Mwamba uleule unakataa vigingi. Kwa hiyo hema zuri la dukani, lenye vyuma vyake vya kupigilia, halina kazi hapa. Turubai bora ni lile la plastiki lenye nyuzi nyeusi zilizofumwa katikati na weupe pande zote mbili, kama yanayogawiwa kambini, ya mita 4 kwa 5. Liinue dhidi ya jua: ukiona vitundu kama vya chujio, limeshachoka. Kisha tafuta kamba. Hapo ndipo wengi huanguka. Wana turubai zuri na kamba ya mita mbili, wakati ukifunga juu ya mawe unahitaji kamba ndefu ya kuzunguka jiwe na kurudi. Fundi ana kamba ya mita kumi na tano walau, na vipande vya mpira wa ndani wa tairi, vile wanavyofungia mizigo watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Mpira huo unavutika, unashika hata ukiwa na maji, na mtoto wa miaka minane anaweza kuufungua. Kamba ya nailoni iliyokazwa na baba mwenye hasira huhitaji kisu.

Na mahali pa kutandika turubai? Aliyefunga mzigo vizuri lakini akalala bondeni amefanya kazi bure. Kuna mazuku huku kwetu, hewa nzito ya kaboni inayotuama kwenye mashimo na mabonde ya lava na kando ya ziwa, isiyoonekana, inayoua ng'ombe na watu. Inalala chini, kwa hiyo mtoto aliyelazwa chini huipata kwanza. Lala juu, penye upepo. Mama mmoja mzee wa mtaani kwetu aliniambia, "Mwanangu, mahali mbuzi amekufa bila jeraha, wewe pita." Nimeliweka neno lake pamoja na turubai langu.

Viatu havihitaji maneno mengi. Lava inakata. Ndala za plastiki zitakufikisha barabarani tu. Kama mzigo una nguo nne na viatu vya kufunga havimo, toa nguo mbili.

Chakula kinaonyesha kama aliyefunga amewahi kukimbia kweli. Asiyewahi hubeba maharagi. Maharagi ni chakula chetu, lakini yanakula makala saa nzima na zaidi kabla hayajakulisha wewe, na makala barabarani huuzwa kwa bei ya kilio. Unga wa bugari una afadhali, ingawa nao unataka sufuria na moto. Mzigo ninaousifu una karanga za kukaanga, sambaza waliokauka vizuri, wanaovunjika kwa mlio wala hawapindi, na unga wa sosoma uliokwisha kukaangwa, unaoliwa hata kwa maji baridi yaliyotiwa dawa. Pembeni, ndani ya kichupa kikavu, sukari na chumvi. Vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja ya maji safi: mama anayejua kipimo hicho kwa moyo anaweza kumvusha mtoto anayeharisha mpaka wafike kwa muuguzi. Nikikuta kijiko kimefungwa pamoja na kichupa hicho, nafurahi sana, kwa maana aliyekifunga aliufikiria usiku wa kwanza mpaka mwisho.

Karatasi ziwe mwilini, si mzigoni. Kadi ya uchaguzi, vyeti vya watoto, diploma, karatasi za parseli: plastiki ya kwanza, plastiki ya pili, kisha ukanda chini ya nguo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na mwamba ukishafunika kuta na mipaka ya kiwanja, kinachobaki kusema kwamba ni pako ni karatasi. Pesa zigawanywe sehemu tatu, nyingi ziwe noti ndogo za faranga. Dola kagua moja moja mchana, kwa sababu noti yenye mpasuko mdogo tu hukataliwa hapa Goma, na usiku wa kukimbia hakuna wa kubadilishana naye.

Kuna kitu kimoja ambacho hata mizigo mizuri hukikosa. Baada ya usiku ule wa Mei 2021, UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 waliotengana na familia zao. Kila mtoto awe na kitambaa kilichoshonwa ndani ya nguo, chenye jina lake, la mama, mtaa na namba mbili za simu, moja ya ndugu asiyeishi Goma. Kishonwe. Pini hufunguka, na wino wa kalamu kwenye mkono hufutika kwa jasho. Naligusa pindo la nguo ya mtoto kabla sijaangalia kingine chochote katika mzigo wa familia.

Januari 2025 tulijifunza kwamba mzigo lazima uweze kufanya kazi bila kuondoka. Mji ulipopiganiwa, wengi wetu hatukutoka. Tulilala sakafuni, umeme hakuna, maji ya bomba hakuna, na waliothubutu wakashuka ziwani kuchota. Sasa natazama pia kama tochi na maji vinafikiwa na mtu anayetambaa, na kama dawa ya kutibu maji imo ndani ya mzigo wala haijaachwa kabatini jikoni.

Mzigo unazeeka. Betri zinavuja, karanga zinachacha, watoto wanakua. Kila mwisho wa Mei mimi huufungua wangu wote juu ya mkeka, navalisha kila mtoto viatu vyake, nasoma vitambaa kwa sauti. Mwaka huu viatu vya mkubwa vimehamia kwa mdogo wake, na namba ya simu ya shangazi ilikuwa imebadilika.