Kununua Fungu la Ndugu Kabla Hati Haijatoka

Benki itataka hati miliki, na hati bado ina jina la marehemu. Hapo ndipo mipango mingi ya kununua fungu la ndugu hukwama. Anayetaka kubaki na nyumba hukimbilia mkopo kwanza, ilhali kazi inaanzia mahakamani.

Tuchukue mfano wa watoto wawili waliofiwa na wazazi wote. Dada ni mwalimu na anaishi katika nyumba ya wazazi mjini Bungoma. Kaka ana duka Kitale. Mthamini aliyesajiliwa ameiweka nyumba kwenye shilingi milioni 4. Desturi ingependelea kitinda mimba wa kiume abaki na boma. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hakijali: watoto wagawane sawa. Basi fungu la kaka ni milioni 2. (Mama angekuwa hai, mazungumzo yangeishia hapo. Kifungu cha 35 kinampa mjane haki ya kuitumia nyumba hiyo, na watoto hawana cha kuuziana bado.)

Barua ya chifu, ombi mahakamani, siku 30 za tangazo katika Gazeti Rasmi, kisha barua za usimamizi wa mirathi. Baada ya hizo, kwa kawaida ni miezi 6 kabla ya uthibitisho, na kifungu cha 82 kinakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla ya hapo. Wengi huilalamikia miezi hiyo. Kwangu, ndiyo ya kutafutia pesa.

Pesa zenyewe zitoke Sacco, kwa kuwa Sacco hutazama akiba na wadhamini. Ng'arisha, kwa mfano, ilianza kama Sacco ya walimu wa Bungoma. Kanuni iliyozoeleka ni mkopo wa mara tatu ya akiba: mwenye 500,000 anapata milioni 1.5 bila hati kuguswa. Kibarua ni wadhamini, maana akiba yao hufungwa pamoja na deni lako. Nusu milioni iliyobaki wakubaliane ilipwe kwa awamu.

Sasa kalamu ya wakili. Mgawanyo utakaothibitishwa useme nyumba yote ni ya dada, kaka alipwe milioni 2, kwa tarehe zilizotajwa, na wote wawili watie saini ridhaa. Msajili wa ardhi hupokea fomu LRA 39, kisha LRA 42, na hati inatoka kwa jina la dada moja kwa moja kama urithi. Wakiandikwa wote wawili kwanza, ndipo kaka auze nusu yake, hayo ni mauzo kamili: ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 80,000 kwa milioni 2. Ingekuwa shamba nje ya mji, ushuru ni asilimia 2, lakini mauzo yangehitaji pia idhini ya bodi ya ardhi.

Hati ikishatoka, dada anaweza kuipeleka benki na kulipa deni la Sacco, ikiwa riba ya huko ni nafuu. Kama ameolewa na wanaishi humo, mume lazima aridhie rehani.

Kaka naye asitie saini ridhaa kwa ahadi ya mdomo. Milioni 1.5 ziwe kwanza katika akaunti ya wateja ya wakili, na awamu zilizobaki ziwe kwenye maandishi.