Je, Polisi Javert Alikuwa Mtu Mwema?

Katika Les Misérables, kitabu kikubwa cha Victor Hugo kilichotoka mwaka 1862, adui si mwizi wala mlevi. Ni polisi, jina lake Javert. Hapokei rushwa, hasemi uongo, hapendelei mtu. Hata hivyo msomaji amwogopa kuliko wezi wote wa kitabu hicho. Kwa nini? Tumpeleke mbele ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, atusaidie kukata shauri.

Tukumbuke hadithi. Mwaka 1795 Jean Valjean aliiba mkate kwa ajili ya watoto saba wa dada yake. Alihukumiwa miaka 5, lakini kwa kuwa alijaribu kutoroka mara nyingi, alikaa kifungoni miaka 19. Alipotoka, Askofu Myriel alimpokea. Naye akaiba vyombo vyake vya fedha. Polisi walipomrudisha, Askofu akamwachia vyombo hivyo, akamwongezea vinara viwili. Tangu hapo Valjean aligeuka. Kwa jina jipya akawa meya wa Montreuil-sur-Mer na msaada wa maskini. Lakini Javert anamfuata kwa sababu ya makosa ya zamani.

Tusimwonee Javert. Siku moja, akidhani kwamba amemshtaki meya bure, alimwendea mwenyewe na kumwomba amfukuze kazini. Ni wangapi kati yetu wangefanya hivyo? Hugo naye akiri kwamba mizizi ya moyo wake ilikuwa mizuri: kuheshimu wakubwa na kuchukia uasi. Basi ubaya watoka wapi?

Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba sheria huwekwa kwa faida ya watu wote. Lakini mtunga sheria hutazama mambo yatokeayo mara nyingi. Hawezi kuona yote. Atoa mfano: kitu ulichowekewa amana sharti ukirudishe. Lakini mwenye upanga akishikwa na wazimu, kisha akaja kuudai, ukimpa umefanya vibaya. Yeye ashikaye kusudi la sheria katika jambo kama hilo ana fadhila iitwayo epikeya, ambayo Aristoteles aliisifu zamani. Epikeya si ruhusa ya kukwepa sheria. Ni sehemu ya haki yenyewe.

Sasa tumpime Javert. Fantine, mama maskini, yu mahututi, angojea binti yake Cosette. Valjean aomba kwa sauti ndogo siku tatu tu amlete mtoto. Javert akataa kwa makelele, mgonjwa asikia yote, afa. Sheria ilimwagiza Javert kumkamata mtu. Haikumwagiza kumtesa mama kitandani. Hakukosa utii, alikosa macho ya kuona sheria ni ya nini.

Baadaye, katika maasi ya Paris ya mwaka 1832, Valjean amwokoa Javert katika kifo. Usiku ule Javert naye amwacha huru, kisha ajitupa katika mto Seine. Wengine husema kwamba hapo hatimaye alipata wema. Sisi twaona hakuufikia bado. Alitenda tendo jema, lakini alilihesabu kuwa kosa, maana kwake sheria na huruma zilikuwa maadui wawili. Angalijua epikeya, angaliweza kurudi nyumbani na kulala. Na hapa twamlaumu Hugo kidogo: atuonyesha ukuta pande zote, wala hatuonyeshi mlango uliokuwapo.

Mlango huo twauhitaji sisi pia. Mama ametembea tangu alfajiri na mtoto mwenye homa. Afika dispansari, saa ya kufunga imepita dakika kumi. Mlinzi amwonyesha saa ukutani. Mlinzi huyo hakuvunja kanuni yoyote. Lakini kanuni ya saa iliwekwa kusudi wagonjwa wahudumiwe vema, na mgonjwa amesimama mlangoni.

Tujihadhari tu: mtu hupenda kujifanyia epikeya mwenyewe na kuwa Javert kwa jirani yake. Tuanze na jirani. Kila mmoja wetu, karani, katekista au baba wa nyumba, ameshika ufunguo fulani. Tuulize ufunguo huo ulitolewa kwa ajili ya nani.