Koki Iliyofunguliwa Mitaboni

Kosa lilifanyika kule Mitaboni, pale mwenye tangi la samaki alipofungua koki yote. Alikuwa amefunga taa ya UV ya wati 9, imeungwa baada ya kichujio, mipira haivuji. Kazi safi, sina neno. Kisha akaona maji yanarudi tangini polepole, akadhani taa inazembea, akaiachia pampu nguvu zake zote, lita 1,500 kwa saa.

Hapo taa ya kuua vimelea ikageuka taa ya mwani. Ukiongeza kasi ya maji maradufu, dozi inakatika nusu. Ile kasi kubwa iliyochapishwa kwenye kasha ni ya maji ya kijani. Ya vimelea, ikiwa wameiandika, iko chini yake na ni ndogo kwa mbali. Makasha haya nimeyalalamikia miaka na sitaacha: wati ni za kulipia stima. Dozi hupimwa kwa milijuli kwa sentimita ya mraba. Maji ya kunywa hutakiwa kupata 40. Kwa ich, yaani ugonjwa wa vidoa vyeupe vya samaki, Gratzek na wenzake huko Marekani walitumia karibu 92 mwaka 1983.

Hata huyo Gratzek, wauzaji humnukuu nusu. Matangi yake yalitumia maji ya mzunguko mmoja, na taa ilizuia ugonjwa usihame kutoka tangi hili hadi lile. Mitaboni kuna tangi moja! Kimelea kichanga kikitoka kwenye ganda lake changaraweni kina siku mbili hivi za kutafuta samaki, na samaki wenyewe wako palepale juu yake. Kipitie pampu kwanza kutafuta nini? Kilichokwisha kujichimbia ngozini, yaani hicho kidoa cheupe mnachokitazama, mwale haukifikii kabisa.

Wazee wa mwanga hawakuwa na haraka hii. Niels Finsen, aliyepewa Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi, aliushikilia mwanga mahali pamoja kwa saa nzima hivi, kisha akarudia siku nyingine. Na walioanika chupa za maji juu ya bati kule Kibera ili jua liyasafishe waliziacha juani kwa muda wa saa sita, wingu likitanda siku mbili. Hao wa Kibera hawakuwa na balbu wala pampu, ila dozi waliielewa.

Pesa ya taa ile ingenunua beseni la karantini na hita. Samaki wageni wakae humo wiki nne. Vidoa vikitokea, chumvi, na joto la nyuzi 30 kwa samaki wanaolihimili. Akiipenda sana taa yake, basi abane koki, asugue bomba la kioo linalofunika balbu, na balbu aibadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka buluu.